Betri Mbili za Nyumba ya Kezironi

Jumatano, 1 Oktoba 2025

Leo miezi minane na siku nne tangu nitoke kwetu, juu ya Butembo. Mitano nilibeba chumvi Kabatoro, kwenye ziwa la Katwe, mpaka vidonda vya miguu vikakataa kupona. Mitatu niko hapa Bwera, ng'ambo ya mpaka, kwa Mzee Kezironi na mkewe Mama Kabugho. Nafyatua matofali, nachimba, natumwa. Daftari hili nililinunua ili niandike siku za kazi. Lakini siku za kazi zote zina sura moja, nikaacha. Leo haikuwa na sura hiyo.

Fred amekuja kutoka Kasese na pikipiki, amefunga paneli mbili mgongoni kama mtu aliyebeba milango. Fred ni fundi wa umeme. Ni wa kabila la Toro, Kikonzo cha huku, ambacho ni kama lugha ya kwetu, hakijui, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili chake cha barabarani na changu cha Kongo. Mama Kabugho anataka nyumba iwe na umeme wake mwenyewe, kwa sababu huu wa nguzo unakatika kila mvua ikitisha. Si kwa ajili ya taa. Ni kwa ajili ya mashine ya vifaranga. Kina mama wa parokia wamemwamini. Jumapili wataleta mayai.

Fred alilaza paneli moja chini uani, haijafungwa na kitu. Akanipa mita ya kupimia umeme, akasema shika waya hizi mbili, haiko inauma. Nikashika. Nambari ikatokea: 19.4.

Nikauliza inatoka wapi. Akaonyesha juu kwa kidevu tu, kama mtu anayekuonyesha nyumba ya jirani.

Nikavua kofia, nikaiweka juu ya paneli. Nambari ikashuka. Nikaiondoa, ikapanda. Nikaweka, ikashuka! Nimefanya hivyo mara kumi, mpaka Fred akasema, afande, tuko na kazi. Nina miaka thelathini na minne. Jua hili limenichoma mgongo tangu nizaliwe. Sikujua kuwa limebeba kitu.

Jioni Benedicte alipiga simu. Binti yetu Sophie atapata komunyo ya kwanza Jumapili tarehe 26. Nimemwahidi mke wangu kwamba nitavuka mpaka wa Mpondwe Ijumaa ya tarehe 24, nilale njiani, Jumamosi niwe nyumbani. Nimeahidi kwa sauti kubwa, Mama Kabugho akasikia, akasema vizuri, ruhusa unayo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Juu ya mabati siku nzima. Mabati yanaunguza hata kupitia suruali. Paneli zimekaa, zimeinama kidogo ili mvua izioshe. Fred anapiga kelele kutoka chini: kaza! legeza! we Mukongomani, unakumbatia paneli ama unaifunga?

Betri ni mbili, za maji, za mitumba, zilitoka Kinyamaseke. Mimi ndiye niliyezibeba kutoka barabarani. Nimebeba magunia ya chumvi, nimebeba mawe, nimebeba maiti mara moja. Uzito wa betri ni wa namna nyingine. Ni kitu kidogo, unakidharau, halafu kinakuvuta bega kama kinataka kurudi ardhini. Fred anasema ndani ni risasi, ya kama bunduki. Risasi na asidi, na jua linalala katikati. Sikumwelewa. Nimeiandika hivyo hivyo.

Ndani ya kila betri kuna vyumba sita, kila kimoja na kizibo chake. Maji yakipungua unaongeza maji ya betri, ya duka, si mengine. Amelisema hilo mara mbili. Mzee Kezironi alikuwa Kabatoro kuangalia kiwanja chake cha chumvi, hakulisikia. Naliandika nisije nikalisahau.

Jumapili, 5 Oktoba

Inawaka!

Mashine ya vifaranga ni friji ya zamani iliyokufa. Fred ameondoa uchafu wa ndani, akaweka rafu tatu na taa nne ndogo za breki za gari. Joto ni la hizo taa. Zinakunywa umeme wa betri moja kwa moja. Kuna kidude kinachozizima joto likifika na kuziwasha likipungua. Tik. Wekundu. Tik. Giza. Friji iliyotengenezwa kuleta baridi, sasa inaatamia.

Baada ya misa kina mama wakaja na vikapu. Kila mmoja ameandika jina lake juu ya mayai yake kwa penseli. Asmah wa duka la mafuta amekuja pia, na yeye si wa parokia, ni Mwislamu. Mama Kabugho akasema kuku hana dini. Mayai yote mia moja themanini. Ronah, mwenye sauti kuliko wote, akaniuliza kama mimi ndiye mama yao sasa. Nikasema mimi ni dada wa kambo. Walicheka sana. Sikuzoea kuchekesha watu huku.

Kugeuza mayai mara tatu kwa siku ni kazi yangu. Siku ishirini na moja. Nimehesabu kwa vidole: yataanguliwa tarehe 26. Siku ya Sophie. Sitakuwepo. Si kitu, ni kuku tu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Asubuhi mita imesema 12.5. Nimegeuza mayai. Nimefyatua matofali mia mbili. Nimegeuza mayai. Mgongo.

Jumapili, 12 Oktoba

Fred amenifundisha kupima mayai kwa mwanga. Unazima kila kitu chumbani, unaweka yai juu ya tochi, unafunga vidole kuzunguka.

Sijui niandikeje. Niliona mishipa. Myekundu, myembamba kama mizizi ya nyasi. Na katikati alama nyeusi inayoruka — inaruka! Ni moyo. Siku saba tu! Wiki iliyopita kilikuwa kitu cha kukaanga.

Nikamwita Mzee Kezironi. Amechimba chumvi ziwani miaka arobaini, macho yake yamechujuka. Akainama, akaangalia. Halafu akasema kwa Kikonzo, kwa hiyo lile jua la juu ya mabati ndilo linalopiga hapa. Fred hakuelewa. Mimi nilielewa, na nywele zikanisimama.

Kumi na tatu hayakuwa na kitu. Tumeyatoa. Yamebaki mia moja sitini na saba.

Jumanne, 14 Oktoba

Radi imepiga karibu na shule. Mama Kabugho ameogopa kwa ajili ya paneli. Fred akaniagiza kwa simu: piga nondo ya shaba ardhini, jaza shimo kwa makaa na chumvi, funga waya.

Nimechimba. Mzee alisimama juu ya shimo, mikono nyuma. Akauliza chumvi ya nini. Nikamjibu kama anayejua: chumvi inaupa umeme njia, pasipo chumvi unazubaa. Alifurahi sana. Akasema siku zote nawaambia, chumvi ya Katwe ni dawa. Ng'ombe ni chumvi, jino ni chumvi, mguu uliovimba ni chumvi. Na sasa umeme! Alikwenda mwenyewe ndani kuleta ile nzuri, ya mabonge ya kijivu.

Nilijisikia mwalimu. Mimi wa darasa la sita.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua kubwa. Nguzo imeanguka upande wa mto, mji wote hauna umeme. Wanasema labda wiki mbili. Nyumba yetu peke yake katika mstari huu ina taa. Majirani wanakuja kuchaji simu, wanasimama mlangoni wanaangalia balbu kama hawajawahi kuona balbu. Nami nasimama nao.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niandike haraka kabla hasira haijapoa, au aibu, sijui ni ipi.

Nilikwenda sokoni kununua pumba. Nikarudi saa nne. Mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya betri, vizibo viko chini, na kikombe mkononi. Betri ya kwanza ilikuwa inachemka. Povu linapanda katika vyumba vyote sita, linamwagika, linalia kama soda iliyotikiswa. Na yeye anatabasamu! Akaniambia njoo uone, Katembo, ilikuwa imezubaa, sasa inaamka.

Alikuta maji yamepungua. Akakoroga chumvi ya kiwanjani kwake katika maji. Akamimina.

Nilimnyang'anya kikombe. Mzee wa miaka sabini, mwenye nyumba, nimemnyang'anya kitu mkononi. Betri ya pili alikuwa bado, vizibo vilikuwa vimefungwa. Halafu harufu ikaja, ile ya dawa ya kufulia nguo nyeupe, ikakaba koo. Nikamvuta nje.

Fred kwenye simu: aliweka nini? Nikamwambia. Akaniuliza tena, chumvi? Halafu akasema hiyo imekufa, hata padri usimwite. Toa waya zake sasa hivi kabla haijamkula mwenzake.

Nimetoa. Sasa betri ni moja. Umeme wa nguzo hakuna. Siku ya kumi na tatu, zimebaki nane.

Mzee hajala mchana. Amekaa kwenye kiti chake amegeukia ukuta. Hajaniuliza alikosea wapi. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 19 Oktoba

Kina mama walikuwa wamekwisha kusikia. Walikuja baada ya misa, bila vikapu. Mama Kabugho alisimama mbele ya mashine kama anailinda. Akaanza kusema ni bwana wangu, nawaomba msamaha.

Nikasema hapana. Nilisema mimi ndiye niliyemwambia mzee kuwa chumvi inaamsha umeme. Nilikuwa naongea juu ya shimo, sikumwambia kuwa shimo ni shimo na betri ni betri. Nilitaka kuonekana najua. Hilo la mwisho sikulisema mbele yao. Nalisema hapa.

Ronah akasema, ehe, wanaume wawili nyumbani, mmoja anatia chumvi, mwingine anaonja, na mboga yenyewe ni betri. Hata Mzee alicheka, kule kwenye kiti. Ndiyo mara ya kwanza tangu jana.

Lakini Ronah hakucheka alipotoka. Aliniambia chini chini kwamba mayai yake ishirini ndiyo yote aliyokuwa nayo. Kuku wake walikwisha na ugonjwa mwezi wa sita, haya aliyanunua. Hakuweka mengine pembeni. Akaniuliza yatafika? Nikasema yatafika. Tena kama anayejua.

Jumatano, 22 Oktoba

Mawingu siku ya tatu. Milima yote imepotea, hakuna hata mguu wake. Asubuhi mita 12.0. Fred anasema ikifika 11.5 betri inaanza kujiua yenyewe, na taa za mashine zitafifia. Anatafuta betri nyingine Kasese. Waliobaki nazo wamezing'ang'ania, kila mtu hana umeme.

Tumezima taa zote za nyumba. Simu za majirani tumezikataa. Mashine peke yake ndiyo inakunywa. Mchana nilipanda juu kupangusa paneli kwa shati langu. Hata wingu lina kitu, kidogo. Nambari ndogo inapanda kama mtu mgonjwa anapanda ngazi. Nikiwa pale juu nimejikuta naongea nayo. Panda, panda. Jirani aliniona.

Alhamisi, 23 Oktoba

Siku ya kumi na nane. Leo ndiyo mwisho wa kugeuza. Mayai yanalala, vifaranga vinajipanga ndani na kutafuta mlango. Mikono yangu haina kazi, inatafuta.

Mita 11.9.

Mzee amekuja na wazo, akalisema polepole, akiangalia viatu vyangu. Zamani Kabatoro, wakati wa baridi ya alfajiri, waliweka madumu ya maji ya moto katikati ya watoto wachanga ndani ya vibanda. Nikamwambia Mzee, hilo ni zuri kuliko yote niliyosikia wiki hii. Tumepanga madumu manne madogo chini ya rafu. Kidude kikatulia, tik ikachelewa. Taa zilikaa muda mrefu bila kuwaka na joto halikushuka! Sasa Mzee ndiye bwana wa maji ya moto. Ana saa yake, ana kuni zake, hataki mtu amsaidie.

Begi limefungwa. Gauni jeupe la Sophie liko juu, ndani ya nailoni. Mama Kabugho amenipa kilo mbili za kahawa kwa ajili ya Benedicte. Kesho alfajiri Mpondwe.

Ijumaa, 24 Oktoba

Niliondoka saa kumi na mbili. Mama Kabugho alinisindikiza mpaka barabarani, akasema nenda, Katembo ni jina la mtoto wa tano, lakini leo umekuwa mkubwa. Nilifurahi. Mpondwe foleni ilikuwa ndefu. Nikasimama nyuma ya mama mwenye kapu la nyanya. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta karatasi zangu.

Mita!

Mita ya Fred ilikuwa mfukoni mwangu. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimetoka nayo. Bila mita wale wazee wawili hawawezi kujua betri imeshuka mpaka wapi, watajua tu siku taa zimekufa.

Ningeweza kumpa mwenye pikipiki airudishe. Nilimwona pale, namfahamu, anaitwa Nobert, ni mtu mwaminifu. Hata mkono nilikuwa nimeuinua kumwita. Nikaushusha. Humu sidanganyi, kwa sababu hakuna wa kudanganya: nilifurahi kuikuta mita mfukoni. Nilitoka kwenye foleni na begi langu kama mtu aliyesamehewa.

Nilifika saa tatu. Nimepima: 11.8. Mama Kabugho aliangalia mita, akaangalia begi. Aliniwekea chai.

Nimempigia Benedicte. Nikamweleza betri, chumvi, nguzo, kina mama, Ronah na mayai yake ishirini. Alisikiliza yote. Halafu akasema basi mimi nimeolewa na kuku anayeatamia. Nikacheka, yeye hakucheka. Akampa Sophie simu. Sophie hakuuliza kuhusu komunyo. Aliuliza, baba, gauni liko wapi? Nikasema liko hapa, mikononi. Akasema, aa.

Baadaye Benedicte ametuma ujumbe: atavaa la binti wa dada yangu, ni refu, nitalikunja. Nimeusoma mara nyingi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Asubuhi 11.7. Wingu bado. Fred amepata betri, lakini barabara ya Kasese imekatwa na maji pale darajani, anasema labda jioni, labda kesho.

Nimetoa taa mbili kati ya nne ili zinywe kidogo. Mzee anabadilisha madumu kila saa moja na nusu. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi. Mama Kabugho amefunika mashine kwa blanketi la kitanda chake. Tunaangalia kipimajoto kupitia kioo, kwa zamu, kama watu wanaomwangalia mgonjwa.

Saa tano hivi nilikuwa nimepiga magoti naweka dumu. Nikasikia. Nilidhani ni kidude. Haikuwa tik. Ilikuwa laini, ya ndani, ya kukwaruza. Nikaweka sikio kwenye mlango. Yai linalia. Limefungwa pande zote, halina hata tundu, na ndani yake kuna mtu analia! Nimefuga kuku tangu utotoni, lakini kuku mama hukalia siri hii yote, hakuna anayeisikia. Nikamwita Mzee. Akapiga magoti kwa shida, akaweka sikio juu ya langu. Tulikaa hivyo. Pumzi yake ilinuka moshi. Akasema ngapi? Nikasema mawili. Akasema, hapana, sikiliza, ni mengi.

Saa saba yai moja la rafu ya kati limepata ufa. Mdogo kama nyota. Jina la penseli limepasuka katikati, silisomi vizuri, linaanza na R au na B.

11.6.

Ronah amekuja. Amekaa kwenye tofali langu mlangoni na mikono mapajani.

Kazi inanishika hapa, ndiyo. Na aibu ya chumvi inanishika. Lakini si hizo peke yake. Nataka kuona. Nimebeba vitu vya watu maisha yangu yote, nikavitua, nikaondoka kabla havijafunguliwa. Sijui kama Benedicte atalielewa hilo. Sophie labda, akiwa mkubwa.

Kesho saa nne kengele ya parokia ya kwetu italia na yeye atatembea mbele na lile gauni refu lililokunjwa. Nimemwomba Benedicte anipigie wakati huo na kuiacha simu wazi, nisikie tu. Hajajibu.

Saa tisa sasa. Naandika mlangoni, kwenye mwanga wa nje. Juu ya Kasese wingu limechanika, kidogo, mahali pamoja, na mabati yameanza kulia kwa joto. Nimepanda na kushuka. Nambari ya paneli inapanda. Ya betri bado haijui. Nyufa ni nne. Mzee anaomba kuni zaidi.

Nimemtumia Benedicte ujumbe wa mwisho wa leo, na nauandika hapa pia ili nisiweze kuubadilisha: Jumatatu alfajiri navuka, yakiwa yametoka au yamekufa. Jumanne niko nyumbani, na gauni.